Majina Kumi na Manane ya Marehemu

Dar es Salaam
12 Januari 1976

Kwa shangazi yangu Bi Siwema binti Saburi, Juani, Mafia.

Shikamoo shangazi. Naomba barua hii ikukute barazani unasuka ukindu, si kitandani na ule mgongo wako. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Watoto wanasoma, baba yao amebadilishiwa zamu sasa anaingia asubuhi, na tumehamia nyumba yenye bomba uani. Mkeka umefika. Lakini kilichonifurahisha kuliko mkeka ni kuiona hati yako mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nasoma maneno yako kwa mkono wa watu, na leo kisomo cha watu wazima kimenipa shangazi anayeniandikia mwenyewe. Nisalimie mdogo wangu Mwanahija na shemeji Ussi. Waambie nawakumbuka.

Ama lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mwezi ujao daktari ninayefanya naye kazi anakuja Mafia pamoja na nesi mwenzangu mmoja wa kike, na huko Juani watakuwa siku mbili. Wanapima wanawake mlango wa kizazi. Kuna maradhi, shangazi, yanaitwa saratani, yanaanzia pale mlangoni kimyakimya. Hayaumi. Mwanamke analima, anapika, anakwenda pwani, na huku anayo. Damu ikija kutoka siku zisizo zake, au baada ya kulala na mumewe, au kwa aliyekwisha koma hedhi, mara nyingi maradhi yameshatembea. Ndiyo maana daktari anasema kila aliyeolewa, na hasa kuanzia miaka thelathini mpaka hamsini na kitu, apimwe hata kama hasikii lolote, na miaka michache ikipita apimwe tena. Kipimo chenyewe ni kitambo kidogo tu. Nesi anapangusa kwa kijiti, anapaka kwenye kipande cha kioo, kioo kinaletwa huku kinatazamwa kwa darubini. Hakuna sindano wala kisu.

Nakuandikia wewe kwa kuwa wewe ndiye kungwi wa wanawake wote wa hapo. Mimi mwenyewe umenicheza unyago. Wewe ukisema waende, watakwenda, na ukinyamaza daktari atakaa peke yake na vioo vyake.

Mwanao,
Mwanahalima binti Mfaume


Juani
3 Februari 1976

Marahaba mwanangu Mwanahalima. Sisi wazima, mgongo ndio ule ule. Mwanahija hajambo, anakusalimu sana. Ussi bado yuko dago la uvuvi kisiwani Shungimbili na wenziwe, ameleta samaki wa ng'onda mara mbili tangu mfungo tatu, na nyumba ya mkewe ameiezeka upya kabla hajaondoka. Kwa hilo sina la kumsema.

Barua yako nimeipata kwa nahodha Matano. Gundi ya bahasha imelambwa mara mbili. Nimemtazama, naye akatazama pembeni. Kwa hiyo mambo ya wanawake usiyaandike waziwazi kama ulivyofanya. Au yaandike, lakini ujue una wasomaji wengi kuliko unavyodhani.

Sasa hilo la daktari. Mimi sikatai, nauliza. Zahanati ya ng'ambo haijawa na dawa ya kichwa tangu Idi. Mwaka jana Mwatima kajifungulia njiani kwa kukosa mtu. Leo daktari mzima anavuka maji kutoka Dar es Salaam kuja kututazama chini ya kanga. Mtu asiyekupa dawa ya kichwa anakutakia nini huko? Watu hapa wanasema ni wale wa kufunga uzazi, wamebadilisha jina. Balozi wetu wa nyumba kumi, Iddi, anasema hapana, ni mradi mzuri, na Iddi akisema mradi mzuri mimi huanza kufunga mlango.

Na majina yataandikwa wapi? Jamaa zetu wa Rufiji waliandikwa majina, baadaye wakabomolewa nyumba wakahamishwa. Kisiwa chetu hiki kidogo. Karatasi moja inatutosha wote.

Nitawatoa wanawake kwa sababu ni wewe umeomba. Lakini mwanamume hataingia chumba hicho, awe daktari awe nani. Dirisha litazibwa kwa kanga, na mimi nitakaa mlangoni mpaka wa mwisho atoke. Mwambie huyo nesi.

Shangazi yako,
Siwema binti Saburi


Dar es Salaam
5 Aprili 1976

Shikamoo shangazi. Natumaini hamjambo nyote na mvua za huko hazijaharibu mihogo. Mwanangu mdogo aliugua surua, sasa amepona, amebaki na kikohozi. Mume wangu anakusalimu. Mwanahija mwambie nimemnunulia doti ya kanga, naitafutia mtu wa kuaminika wa kuileta.

Daktari amerudi anakusifu wewe. Anasema vijiji vingine walikuja watu wanne, watano, na Juani kumi na wanane. Nesi anasema kuna mama mmoja aliyekaa mlangoni na mkongojo akawa anaita mtu mmoja mmoja kwa zamu, na hakutabasamu siku zote mbili. Nikajua.

Kadi zililetwa mezani kwangu niziandike kwenye daftari. Shangazi, nimesoma kadi ya kwanza nikairudia. Mwanasiti binti Hemedi, ambaye alikufa mimi niko darasa la tatu. Kadi ya pili, Mwanaidi binti Mkadam, kaburi lake nimelipalilia kwa mikono yangu. Nimesoma zote kumi na nane. Hakuna aliye hai hata mmoja, na wote wana miaka arobaini. Daktari ameniuliza kama Juani watu wote huzaliwa mwaka mmoja. Nimemwambia huko kwetu hawaandiki tarehe.

Ningecheka, lakini siwezi. Vioo kumi na saba ni vizuri. Waambie wenyewe wamshukuru Mungu, na wasisahau kupimwa tena miaka ikipita. Kioo kimoja si kizuri. Kimeandikwa Bimkubwa binti Kombo. Bibi yetu, mama yako mwenyewe, tuliyemzika mwaka wa uhuru.

Kuna mwanamke hapo Juani anayetembea na jina la bibi kwenye kadi na ugonjwa mwilini, na mimi simjui. Inatakiwa aje hospitali upesi, si baada ya mwaka, ni mwezi huu au ujao. Niambie ni nani. Niandikie jina lake la kweli tu, nauli na pa kufikia niachie mimi.

Mwanao,
Mwanahalima


Juani
11 Mei 1976

Marahaba. Mtoto mpe kitunguu thaumu na asali, kikohozi kitaondoka. Mihogo imesalimika. Nguruwe mwitu ndio wanatusumbua. Ussi amerudi kupumzika wiki mbili, kisha atarudi dago. Barua yako imechukua siku ishirini na nane, na Matano anasema injini ilikufa.

Unashangaa majina. Umekaa mjini umesahau kwenu. Hapa mtu wa serikali akija na kalamu, mwanamke humpa jina la aliyekwisha kufa. Marehemu hahamishwi, hatozwi, wala hafungwi kizazi. Mama zetu walifanya hivyo kwa Mwingereza, na kwa Mwingereza wewe ungetusifu. Asubuhi ile niliwapanga wanawake nyuma ya shule nikawagawia, mmoja jina moja, na miaka arobaini kwa wote ili pasiwe na wa kusahau. Nikachanganya makusudi. Mjukuu hakupewa bibi yake, ili hata mtu wa hapa hapa akiiona kadi asiweze kumjua mwenyewe. Halafu tukala yamini, wote kumi na wanane na mimi, kwamba hakuna atakayemtaja mwenziwe. Yamini mwanangu hailiwi ikatapikwa.

Majibu nimewapa.

Sasa na mimi nina swali. Huyo mwenye kioo kibaya akija huko kwenu, anafanywa nini? Katika barua zako mbili umeniambia kijiti, umeniambia darubini, umeniambia aje upesi. Hujaniambia akishafika. Nijibu hilo, kisha tuzungumze habari ya jina.

Shangazi yako,
Siwema


Dar es Salaam
27 Mei 1976

Shikamoo shangazi yangu. Kikohozi kimekwisha, ahsante. Huku mvua zimezidi, njia ya kwetu imejaa maji na watoto wanapelekwa shule mgongoni. Sote tunakuombea mgongo wako upate nafuu.

Unasema majibu umewapa. Umewapa vipi? Yule mwenye jina la bibi umemwambia nini?

Kuhusu swali lako, akifika atapokewa vizuri, daktari atamwangalia tena kwa uhakika na atatibiwa. Ni daktari mzuri, mpole, na wodi ya wanawake ina manesi wa kike watupu. Mimi mwenyewe nitakuwa naye tangu anashuka chomboni. Huna haja ya kuhofu.

Shangazi, acha niseme linaloninyima raha. Jina la mama yako ungempa nani isipokuwa wewe mwenyewe? Nimekumbuka ulipokuja mwaka juzi ulikuwa unafua kanga zako peke yako alfajiri na hukutaka mtu akusaidie. Kama ni wewe, kwa haki ya baba yangu, ndugu yako, usinifiche. Wewe ndiye uliyetulea mimi na Mwanahija tulipobaki yatima. Sina mama mwingine. Kama ni wewe panda chombo kesho.

Na kama si wewe, basi mwenye yamini ni wewe na mwenye kufa ni yeye. Lifikirie hilo.

Mwanahalima


Juani
30 Juni 1976

Kwa Mwanahalima binti Mfaume.

Hatujambo.

Mimi sikupimwa. Mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyekaa mlangoni siku mbili na mkongojo, angepimwa saa ngapi? Kanga zangu nafua mwenyewe kwa sababu binti zako wanamaliza sabuni. Usinitafutie maradhi ya kunilazimisha kusema.

Nilikuuliza swali ukanijibu habari ya manesi wapole. Hilo neno atatibiwa ndilo tunalomwambia mtoto siku ya kutahiriwa. Mimi nimecheza wari miaka thelathini na mitano. Nimewaficha wari wangu mengi mpaka siku yenyewe ifike, na nilikuwa nafanya kwa sauti laini kama hiyo yako. Kwa hiyo najua mtu anayeficha anavyozungumza. Unaficha, Mwanahalima.

Wanawake wa hapa walisema wale ni watu wa kufunga uzazi, mimi nikasimama mbele yao nikasema hapana, ni kazi ya mwanangu. Nimeweka heshima yangu ya miaka yote hiyo juu ya karatasi yako. Sasa nakuuliza mara ya pili, na ya tatu haipo. Huyo mwanamke anafanywa nini? Kama jibu ni lile ninalolidhani, sema kwa kalamu yako. Kama huwezi kuliandika, usiniandikie tena habari hii. Tuandikiane habari za watoto na mvua.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima sikuijibu. Nataka ujue kwamba haikuchelewa njiani, niliichelewesha mimi.

Siwema binti Saburi


Dar es Salaam
14 Julai 1976

Shikamoo shangazi. Salamu zangu zote uzipokee hata kama umenikasirikia. Watoto hawajambo. Mkubwa amefaulu.

Umeshinda. Nilikuwa naficha, na sasa naandika, hata kama Matano na karani wa posta na balozi Iddi wanasoma, nao wasome.

Mwanamke huyo akija, daktari atakata kwanza kipande kidogo pale mlangoni pa kizazi, kitazamwe. Kama ugonjwa umekaa juu juu tu hapo mlangoni, mara nyingi kukata hivyo kunatosha. Anapona, anabaki na kizazi chake, na nimewaona kwa macho yangu waliozaa baada ya hapo. Kama umeshaingia ndani, kizazi kinatolewa chote, na hatazaa tena. Asipofanyiwa lolote atakufa, na kufa kwake ni kubaya. Nimewaosha watu hao mimi. Sitakuelezea.

Lipi kati ya hayo mawili, hapana anayeweza kusema mpaka aje. Lakini kila mwezi unaopita unamsogeza kwenye lile la pili.

Kwa nini sikusema Aprili? Daktari wetu anapenda mgonjwa aelezwe akishafika, wasije wakakimbia. Ningeweza kumsingizia yeye nikaishia hapo. Lakini aliyeniziba mdomo ni mimi mwenyewe. Nilishakuandikia hakuna kisu, na kwa kipimo ni kweli. Nikaona nikiandika kizazi kinatolewa, mtasema haya, si tulisema, wamekuja kutufunga. Nikaogopa mtanitia na mimi katika hilo kundi. Nikafikiri mwacheni kwanza afike, maneno magumu atayakuta huku. Nimekuwa kungwi mbaya.

Kuna jambo jingine. Nimetoa barua zako zote nikazipanga. Ya Februari umemtaja Mwanahija. Ya Mei umemtaja Ussi tu. Ya Juni hukumtaja mtu. Tangu tumezaliwa hujawahi kuniandikia, wala kuniandikishia, barua isiyokuwa na salamu za mdogo wangu. Uliniambia mjukuu hakupewa bibi yake, nikakuamini, nikatulia. Sasa sijatulia.

Naomba unijibu kwa chombo cha kwanza.

Mwanahalima


Juani
3 Agosti 1976

Mwanangu Mwanahalima, marahaba. Leo naanza na lenyewe, salamu zitafuata kama nafasi itabaki.

Ni Mwanahija.

Wale wengine ni kweli niliwachanganyia. Yeye alikataa jina la mtu baki. Alisema kama ni lazima aitwe marehemu, basi aitwe marehemu anayemjua. Nikampa la mama yangu, wala sikufikiri. Barua yako ya Aprili ilipofika niliisoma peke yangu, nikaisoma tena kwa kuwa mimi bado msomaji wa polepole, nikadhani nimekosea herufi. Sikukosea.

Niliwaita wote kumi na wanane barazani kwangu nikawaambia majibu yamekuja. Nikasema wote wazima. Yeye alikuwepo, amekaa mstari wa mbele.

Unajua ana miaka thelathini na mitatu. Unajua mimba mbili zimeharibika. Mama yake Ussi ameanza kuzungumza kwa watu kwamba mwanawe anahitaji mke wa pili, na anazungumza kwa sauti ya kusikika. Ussi alikuwa anarudi Mei, na tena Agosti kabla ya mfungo. Nikasema nimpe msimu huu mmoja. Kama Mungu atampa mtoto, ampe, kisha ndio nimlete huko mumfanye mnavyotaka. Nilijua wanatoa kizazi. Hukuniambia, lakini nilijua, na kwa kuwa hukuniambia nikajua ni hilo tu, hakuna la pili. Lile la kukata kipande kidogo akabaki na kizazi chake ungeliandika Aprili, ningemfunga kamba nimlete mwenyewe. Nasema hivyo kukulaumu. Ninajilaumu pia, lakini lako na wewe lichukue.

Hakupata mimba.

Barua yako ya sasa ilinifika Jumatatu. Nimekwenda kwake hapohapo. Alikuwa uani anapiga pweza kwenye jiwe. Nikamwambia yote, na yamini niliyokula namwachia Mungu. Akaendelea kupiga. Akaniuliza, "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwezi wa tano.

"Na Mwanahalima anajua?"

Nikamwambia anajua kuna mtu, hajui ni wewe.

Akaweka pweza chini. Akasema, "Uliniambia mimi mzima. Niliingia ndani kwako nikasali rakaa mbili za shukurani."

Nilimwambia niliona vyema kumstahi, nilimhurumia. Akaniuliza nani alinituma nimhurumie. Akasema mwili wake, mume wake, kizazi chake, kisha watu wawili wanaandikiana miezi minne habari zake naye yuko nyumba ya tatu, anajua kusoma kuliko mimi. Sauti hakuinua. Ningependa angeinua.

Nikamwuliza kama damu anaiona. Akasema anaiona tangu mwaka jana, kila baada ya kulala na mumewe, na hakusema kwa kuwa alidhani ni zile mimba. Mimi kungwi wake, alikuwa ananificha na mimi namficha.

Anakuja. Atapanda Alhamisi na chombo cha Matano, na barua hii inatangulia leo kwa chombo kingine. Amesema niandike jina lake la kweli na la baba yake, Mwanahija binti Mfaume, na miaka yake ya kweli. Na amesema mambo mawili nikueleze. Mimi nisimsindikize. Na wewe usimshike. Akifika wodini anataka nesi mwingine, mtu asiyemjua.

Ussi bado hajaambiwa, amesema atamwambia mwenyewe.

Salamu nafasi imebaki lakini sina.

Siwema


Dar es Salaam
6 Oktoba 1976

Shikamoo shangazi. Idi ilipita salama, ingawa nilikuwa kazini. Watoto walikula pilau kwa jirani. Samahani kwa kukaa kimya miezi miwili. Nilitaka niandike nikiwa na la kuandika.

Mwanahija alifika Ijumaa ile. Nilikwenda bandarini nikasimama mbali kama alivyotaka, nikamwona anashuka na kapu lake, anauliza njia kwa askari. Nilimfuata nyuma mpaka hospitali. Sidhani kama aliniona, na kama aliniona hakugeuka.

Daktari alikata kile kipande wiki ya kwanza. Majibu yakarudi kwamba ugonjwa umeshaingia ndani, lakini haujatoka nje ya kizazi. Daktari alimweleza mwenyewe, kitako, saa nzima, na safari hii alimweleza yote. Mwanahija akamwuliza kama angekuja Aprili ingekuwaje. Daktari akasema hajui. Huenda ingekuwa vilevile, huenda sivyo, hakuna mtu anayeweza kumwambia. Nilikuwa nyuma ya pazia, ninasikia. Nimelichukua lile langu uliloniambia nilichukue.

Akaomba siku mbili za kufikiri. Siku hizo mbili Ussi akatokea, amekuja na chombo cha watu wa Kisiju, miguu imejaa chumvi. Amepewa habari na mkewe kwa barua, amesomewa barua hiyo huko dago na mtu baada ya mtu mpaka akaielewa. Alikaa sakafuni kando ya kitanda. Nesi alimfukuza mara tatu, akawa anarudi. Nilimpelekea chai nikamweleza lile ulilohofia, habari ya mke wa pili. Alikiweka kikombe chini. Akasema, "Mngeniuliza."

Kizazi kimetolewa tarehe ishirini Agosti. Alikuwa na homa siku sita, nikadhani tunampoteza, kisha ikashuka. Sasa anatembea. Daktari anasema anamtarajia aishi, na kila miezi michache arudi atazamwe. Mwaka ujao daktari anakuja tena Juani, na anataka majina ya watu walio hai.

Jana Mwanahija ameniita mwenyewe, mara ya kwanza. Nilikwenda nikasimama. Akaniambia nikae. Akaniambia niandike maneno haya kwako kama alivyoyasema, nisiongeze na nisipunguze:

"Mwambie shangazi jina la bibi simlaumu, nililitaka mwenyewe. Msimu aliotaka kunipa nao simlaumu, najua alinipenda. Namlaumu kwa zile rakaa mbili. Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakunipa, na yeye alikuwa ananisikia ukutani."

Nikamwuliza na mimi je. Akasema mimi bado hajafika kwangu.

Wiki ijayo Ussi anamrudisha. Watafikia kwao, si kwako. Shangazi, usiende bandarini, wala usipeleke chakula. Kaa ndani mpaka akuite. Na asipokuita, kaa.

Mwanao,
Mwanahalima